Shangazi wa Vyungu: Inua Kwanza, Mwagilia Baadaye

Mwezi huu barua zimekuja na majani ndani yake. Nimeyapanga mezani. Mengine yamekauka kama karatasi ya zamani, na moja lilifika limeoza ndani ya mfuko wa plastiki hata bahasha nikaenda kuifungulia nje. Ukinitumia jani, tafadhali lilaze katikati ya karatasi kavu. Plastiki hapana. Halafu niandikie mambo matatu: chungu kina ukubwa gani, ulimwagilia lini mara ya mwisho, na jani umelichuma sehemu ya juu au ya chini ya mmea. Hilo la tatu ndilo mnalolisahau, na ndilo linalonisaidia kuliko picha kumi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi sikusomea kilimo. Nilikuwa fundi wa maabara ya hospitali, miaka 31 nimeinamia hadubini. Nilipostaafu nilibaki na jicho la kutafuta vidudu na mikono isiyo na kazi. Sasa nina vyungu 24 vya nyanya, hoho, pilipili na bilinganya, na idadi ya mimea niliyoiua mwenyewe sitaitaja hapa.

Shikamoo Shangazi. Nina hoho nne kwenye vyungu vya lita 10. Majani ya chini yalianza kuwa ya manjano, nikaambiwa ni njaa ya naitrojeni, nikaweka mbolea. Yakazidi, nikaweka tena. Sasa nimeshaweka mara tatu. Majani yamelegea hata asubuhi na ncha zake zimeungua. Maji nawapa kila siku bila kukosa. Nimekosea wapi? – Mwenye Hoho za Manjano

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe, lipo pale uliposema "kila siku bila kukosa". Ila aliyekutajia naitrojeni hakubahatisha, na nataka ujue alipopotea njia.

Unjano wa jani ni kama homa. Unakuambia kuna jambo, haukuambii ni jambo gani. Kwa hiyo kwanza tazama umeanzia wapi. Mmea ukipungukiwa na naitrojeni huinyonya kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye chipukizi, kwa hiyo njaa hiyo huanzia chini, na jani zima hupauka, mishipa na nyama yake pamoja. Magnesiamu nayo huhamishika, kwa hiyo huanzia chini vilevile, lakini hapo mishipa hubaki ya kijani na nyama iliyo katikati ndiyo inayogeuka manjano. Ikikosekana potasiamu, kingo za majani ya chini huwa kama zimepitishwa motoni. Madini ya chuma ni kinyume chake: yakishakaa kwenye jani hayahami tena, basi yakikosekana wanaoumia ni majani machanga ya juu, yanakuwa manjano huku mishipa yake imechorwa kijani kama wavu. Na mara nyingi chuma kimo udongoni tele, ila pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, imepanda kupita 7 na mizizi haiwezi kukichukua. Hoho na nyanya hupenda pH ya kati ya 6.0 na 6.8.

Sasa wewe umeona unjano wa chini, jani zima. Naitrojeni, sawasawa. Lakini mzizi hauchukui chakula bila hewa. Udongo uliojaa maji mchana na usiku hauna nafasi ya hewa, mizizi inakosa pumzi, na mmea unakufa njaa ukiwa umesimama ndani ya chakula. Jani lenye njaa tu hupauka likiwa bado limesimama. Lako limelegea, na limelegea asubuhi, saa ambayo hata mmea wenye kiu huwa umeinuka. Mmea ulionyauka juu ya udongo uliolowa ni mzizi unaokufa.

Usiniamini, nenda katazame. Laza chungu ubavu, pitisha shina katikati ya vidole viwili, gonga kitako cha chungu na kiganja, bonge la udongo litateleza nje. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa ya kuiva, na inanuka kama ardhi iliyonyeshewa. Iliyooza ni ya kahawia na inanuka mtaro. Chukua mmoja, uvute taratibu kwa kucha: kama ngozi yake inavuka kama soksi na kukuachia kiuzi chembamba cheupe, umepata ulichokuwa unakitafuta. Mara nyingi mla mizizi huyo anaitwa Pythium, na anapenda maji yaliyotuama kuliko kitu kingine chochote.

Ninaijua harufu hiyo kwa sababu bilinganya yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Chini ya chungu niliweka kisahani kizuri, nisichafue sakafu. Kisahani kikajaa, nikafurahi kwamba mmea una akiba. Ulikuwa umekaa kwenye dimbwi wiki tatu.

Fanya hivi. Kwa hoho ambayo bado ina mizizi myeupe walau nusu, kata iliyooza kwa mkasi uliofutwa na spiriti, ihamishie kwenye chungu kilicho kidogo kuliko cha sasa, chenye udongo mpya uliochanganywa na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kupitisha maji na hewa) au mchanga mnene. Mwagilia mara moja, weka kivulini, na mbolea usiiguse mpaka uone jani jipya limetoka. Hoho ambayo mizizi yake yote ni kahawia, itupe, na udongo wake usiutumie tena. Kama kuna mmoja ambao mizizi yake ni mizima ila ncha za majani zimeungua na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, huo ni chumvi ya mbolea zako tatu. Kwangua ukoko, kisha upitishie maji polepole lita 20 hadi 30, yote yatoke chini, halafu uuache ukauke.

Baada ya hapo sahau kalenda. Inua chungu mara tu baada ya kumwagilia, usikie uzito wake. Inua tena kesho na keshokutwa. Mkono utajifunza ndani ya wiki moja. Ukiwa na shaka, zamisha kidole hadi pingili ya pili: pakiwa na unyevu, weka kopo chini uende zako.

Shangazi, nyanya zangu zinaoza kitako. Zinaanza na doa la majimaji, linageuka jeusi na gumu kama ngozi ya kiatu. Jirani alisema ni ukosefu wa kalsiamu, nikasaga maganda ya mayai 40 nikayafukia. Bado zinaoza. Je, niongeze mayai? – Mama Maganda

Usiongeze, Mama. Jirani yako amesema kweli nusu: tunda hilo kweli limekosa kalsiamu. Lakini nina hakika udongo wako ulikuwa nayo hata kabla ya mayai 40.

Kalsiamu haina miguu yake. Inasafiri ndani ya maji yanayopanda kutoka mizizini, nayo maji yanakwenda kule yanakovukizwa, yaani kwenye majani. Tunda lina ngozi inayong'aa, halivukizi karibu chochote, kwa hiyo linapata kalsiamu ya mwisho wa foleni, na kitako ndicho kilicho mbali zaidi kwenye foleni hiyo. Siku udongo ukikauka, hata siku moja ya jua kali, majani yanachukua yote. Kalsiamu ikishaingia kwenye jani hairudi kwenda kwenye tunda. Chembe za kitako zinaundwa vibaya siku hiyo, tunda likiwa dogo, wewe unaliona doa siku nyingi baadaye na kuanza kutafuta kosa la wiki hii.

Maganda ya mayai ni kalsiamu kabonati, jiwe la chokaa tu, na linayeyuka polepole mno kwenye udongo usio na asidi. Hayajakudhuru. Yatafaa mmea wa mwakani. Wale wanaouza kalsiamu ya kunyunyizia majani nao wanapeleka mzigo pale ambapo hauhamishiki.

Hukuniandikia ukubwa wa chungu, lakini mwishoni mwa barua, sehemu ambayo sikuichapa hapa, umesema kwamba mmea umekupita urefu na chungu "ni kile cha maua". Hapo ndipo ninapoona ugonjwa. Nyanya ndefu inataka lita 20 hivi za udongo. Kwenye lita 5 inakunywa yote asubuhi na kufikia saa tisa imekauka, jioni unaifurikisha, kesho vivyo hivyo. Hamishia kwenye chungu kikubwa kama shina bado linahamishika. Funika udongo kwa majani makavu unene wa vidole vitatu ili jua lisiufikie. Punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi, hasa ya amonia, maana inasukuma majani yakue haraka na pia inazuia mizizi kuchukua kalsiamu. Matunda yaliyokwisha kuingia doa yachume yote, hayaponi. Kichane cha kwanza cha nyanya huumwa zaidi kuliko vinavyofuata, kwa hiyo usikate tamaa na mmea kwa sababu ya tunda lake la kwanza.

Maua ya nyanya yanaanguka yenyewe, kikonyo kinakatika kwenye kifundo. Mmea mzima una afya. Upo ndani, karibu na dirisha la jua. – Msomaji

Joto, au upweke. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku ukikaa juu ya 24, chavua inaharibika na ua linaachiwa. Sogeza mmea mbali na kioo uweke kipimajoto hapohapo kwenye maua, usipime katikati ya chumba. Na ndani ya nyumba hakuna upepo wala nyuki. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya kikoba chenye tundu nchani, inataka kutikiswa ndipo imwagike. Gusa nyuma ya kichane cha maua kwa mswaki wa betri, sekunde mbili tatu, katikati ya asubuhi kukiwa kukavu. Watoto wanaipenda kazi hii.

Shangazi, majani ya bilinganya yana vitone vyeupe vidogo mno, kama yamechomwa sindano mara elfu. Yanakuwa na rangi ya vumbi. Nimepuliza dawa ya kopo ya kuulia mbu na mende mara mbili, na sasa kuna utando kwenye ncha. Ni buibui? Jani nimeambatisha, ni la katikati ya mmea. – Mpulizaji

Asante kwa kusema ni la katikati. Huyu ni mwanafunzi mzuri, ila hilo kopo, ndugu yangu, lirudishe kabatini. Dawa ya mende haikutengenezwa kwa mmea utakaoula, na mafuta yaliyomo yanaunguza majani.

Jani lako nililigeuza mgongo na kuliweka chini ya kioo cha kukuzia cha mara kumi. Kwa macho matupu ungesema ni vumbi la mchanga kwenye pembe za mishipa. Chini ya kioo vumbi likaanza kutembea. Mmoja rangi ya majani mabichi yaliyofifia, mwenye doa jeusi kila ubavu, alikuwa anapita juu ya nyuzi akiinua miguu kama mtu anayevuka matope. Nikahesabu miguu: minane. Pembeni yake vijiduara vinavyong'aa kama matone ya kioo, hayo ni mayai. Na ngozi tupu nyeupe, nyingi, zimeachwa hapo kila mmoja alipokua. Nimekaa naye dakika ishirini, chai ikapoa.

Huyo ni utitiri. Ni jamaa ya buibui, si mdudu wa miguu sita, na wengi humwita mwekundu ingawa muda mwingi wa maisha yake hana wekundu wowote. Mkubwa kabisa ni kama nusu milimita tu. Anatoboa chembe moja moja ya jani na kunyonya kijani chake. Kila kitone cheupe ulichokiona ni mahali alipokula. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 na hewa kavu, yai linakuwa mtu mzima anayetaga ndani ya wiki moja hivi. Kwenye ubaridi inachukua wiki tatu. Kwa hiyo mmea ulio kwenye kona ya joto, isiyo na upepo, ndio unaoliwa kwanza.

Na dawa nyingi za wadudu zinamsaidia. Zinaua wanaomla, wakiwemo utitiri wengine wawindaji na vibuu vya mbawakawa wadogo, yeye zinampitia pembeni. Utando umeuona baada ya kupuliza, si kabla. Fikiria hilo.

Kwanza jua ni wangapi. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu, subiri kidogo. Vumbi linalotembea ndilo unalolihesabu. Pitisha kidole: wakipondeka wanaacha mchirizi. Fanya hivyo kwa kila mmea, hata usioonyesha dalili, na anza na mizima ukimalizia na mgonjwa, la sivyo wewe mwenyewe ndiwe utakayewabeba kwenye mikono ya shati.

Kisha kata majani yenye utando, yafunge kwenye mfuko, usiyaache kwenye ndoo ya takataka iliyo wazi. Peleka chungu bafuni au nje, funika udongo kwa mfuko, ukioshe kimea kwa maji yenye nguvu kiasi, ukielekeza chini ya majani. Hii pekee inaondoa wengi kuliko unavyodhani. Kikikauka, nyunyizia maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha, kwa lita moja. Sabuni inaua kwa kumgusa tu. Ikishakauka haina kazi. Ndiyo maana mgongo wa jani lazima ulowe mpaka utone. Mayai hayafi. Rudia baada ya siku nne au tano, mara tatu mpaka nne, ili uwakute walioanguliwa kabla hawajataga. Mafuta ya mwarobaini yanafaa pia, kwa kufuata kipimo cha kwenye chupa.

Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku. Na nyunyizia jioni. Mimi niliwahi kunyunyizia saa sita mchana kwa hasira, baada ya kugundua wamefika kwenye hoho zangu sita. Kesho yake utitiri walikuwa hai, hoho zina malengelenge.

Kuna vijinzi vidogo vyeusi vinaruka kila nikigusa chungu. Vinanikera usoni nikisoma. Vinaua mmea? – Msomaji wa Usiku

Vikubwa haviumi wala havili mmea, vinakukera tu. Watoto wao ndio wenye meno: vifunza vya milimita chache, mwili kama kioo na kichwa cheusi kinachong'aa, wanakaa kwenye sentimita chache za juu za udongo uliolowa, wakila ukungu, mboji na vinyweleo vya mizizi. Mmea mkubwa huvumilia. Mche mdogo huudumaza au kuuua.

Chomeka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, kigeuze kesho yake. Ukiona vichwa vyeusi vimejipanga hapo chini, una uhakika. Dawa ya kwanza ni ileile niliyompa mwenye hoho: acha sehemu ya juu ikauke kabla ya kumwagilia tena, au weka chungu kwenye beseni kinywe kutoka chini kwa nusu saa kisha ukitoe. Karatasi ya manjano yenye gundi inakamata wakubwa, na inakuonyesha kama wanapungua. Wakiwa wengi, kuna bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negevi, ambaye anaua vifunza wa mbu na wa jamii hii bila kukudhuru wewe. Anachanganywa kwenye maji ya kumwagilia. Endelea kwa wiki nne, maana kizazi kimoja kinachukua wiki tatu mpaka nne, na ukiacha mapema unaanza upya.

Miche yangu ilikuwa mirefu na mizuri, asubuhi moja nikaikuta imelala. Shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapotoka udongoni. – Mwalimu wa Zamu

Mirefu, mwalimu, haikuwa mizuri. Mche unaorefuka haraka unatafuta mwanga. Mwanga uliouwekea ni hafifu, ukatoka mwembamba na laini, na kinyausi akaukuta hivyo. Kinyausi ni jina la kazi, wanaoifanya ni fangasi kadhaa na viumbe vinavyofanana nao, akiwemo yuleyule Pythium wa hoho. Walioanguka hawainuki. Ondoa pamoja na udongo unaowazunguka, fungua kifuniko, punguza maji. Ukisia tena, tumia udongo mpya na trei uliyoiosha kwa maji yenye dawa ya klorini, usizisonge mbegu, na taa, kama ni ile isiyotoa joto, iwe sentimita chache juu ya miche, ukiipandisha kadiri miche inavyokua.

Shangazi, majani ya nyanya yangu yana mabaka, kijani kibichi na kijani kilichopauka, kama ramani. Majani ya juu yamekuwa membamba na yamejikunja. Nimetafuta wadudu kama unavyofundisha, sikuona hata mmoja. Mume wangu ndiye anayezikata machipukizi, naye anavuta sigara. Mtu mmoja amesema ni sigara, nimecheka. Lakini usiku sikulala. – Mke wa Mvutaji

Barua yako nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu jibu lake nilikuwa sitaki kuliandika.

Huyo mtu hakukosea. Kuna kirusi cha batobato ya tumbaku, na kinashambulia nyanya na hoho pia, kwa kuwa ni ukoo mmoja na tumbaku. Kinakaa kwenye majani yaliyokaushwa kwa miaka, kwa hiyo kinaweza kuwemo ndani ya sigara na kwenye vidole vya anayeivuta. Akivunja chipukizi anafungua kidonda, na vidole vinafanya yaliyobaki. Hakihitaji mdudu, ndiyo sababu hukumwona. Kirusi hiki ndicho kilichotufundisha kwamba virusi vipo. Mwaka 1892 Ivanovsky, mwanasayansi wa Urusi, alichuja maji ya majani yenye batobato kwenye chujio lililozuia bakteria wote, na maji yaliyopita bado yaliambukiza. Mwaka 1898 Beijerinck, mwanasayansi wa Uholanzi, akasema hiki ni kitu kingine kabisa. Nilipokuwa maabara tulikisoma darasani kama habari za kale. Nimekuja kukutana nacho kwenye baraza langu mwenyewe, uzeeni.

Siwezi kuapa kwa jani moja kwamba ni hicho. Kipo kirusi cha batobato ya matango ambacho huletwa na vidukari, na dawa ya magugu iliyopeperushwa nayo huyakunja majani juu. Kama kuna mtu alinyunyizia magugu karibu nawe, subiri wiki mbili uone majani mapya yanatokaje. Kama hakuna, kirusi ni kirusi, na hakuna dawa ya kunyunyizia, ya kumwagilia wala ya kuombea itakayokitoa ndani ya mmea.

Mume wako usimlaumu, alikuwa anakusaidia. Aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mmea wowote, na kopo dogo la maziwa liwe karibu: kuchovya vidole kwenye maziwa yaliyoondolewa mafuta kati ya mmea na mmea kunapunguza sana kuambukiza, protini yake inakifunika kirusi. Mkasi nao uchovye humo.

Mmea wenyewe ung'oe. Fanya kazi nyingine zote za vyungu kwanza, huu uwe wa mwisho wa siku. Ufunike kwa mfuko mkubwa ungali umesimama, ili majani yasiguse majirani zake, funga mfuko chini kwenye shina, ndipo ukate. Mizizi itoe na udongo wake wote. Chungu kisugue kwa sabuni, vijiti vya kuegemeza ni afadhali kuvitupa. Mbegu za matunda yake usizihifadhi, hata kama tunda linaonekana zima. Usiuweke kwenye mboji.

Wangu niliufunika ukiwa na maua saba na nyanya moja iliyoanza kubadilika rangi. Nilisimama na mfuko mkononi muda mrefu kidogo kabla ya kuuteremsha.